Mashine ya Vifaranga Chumbani kwa Bi Nimwaka

Siku yangu ya kwanza kazini niligombezwa kwa kutembea. Nilifika ofisi ya mifugo ya Msambweni asubuhi, nimevaa viatu vipya vilivyokuwa vikinibana, na Mkuu wa Kituo akaniambia niketi kwenye benchi mpaka amalize kuandika. Niliketi. Kisha nikainuka kuchungulia dirishani, nikaenda kuitazama friji ya chanjo, nikarudi, nikasoma mabango yote ya ukutani, nikatoka nje kuona kama kuna mtu anakuja. Aliweka kalamu chini.

"Binti," akasema, "unawashwa na miguu?"

"Hapana, Bwana Mkuu."

"Unaweza kukaa kitako saa nzima bila kuinuka?"

Nilimwambia kweli, kwamba siwezi, na hata shuleni sikuweza. Akacheka kidogo, akasema, "Basi nitakupa kuku. Kuku hulalia mayai majuma matatu bila kulalamika. Watakufundisha utulivu."

Mimi nilikuwa nimetarajia ng'ombe, majosho, safari za nyika. Nikapewa kuku. Nilifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, na utulivu sikufundishwa na mtu wala ndege. Hata sasa ninapoandika haya nimeshainuka mara nyingi kuangalia kama maji yamechemka, na maji sijabandika. Ila vijana wananijia kila juma na swali lile lile, kwamba mashine gani ya kutotolesha mayai nyumbani ni nafuu, nami nimechoka kujibu mlangoni nikiwa nimesimama. Nitajibu hapa, kwa njia yangu, nao wavumilie.

Kituo changu cha kwanza nje ya Msambweni kilikuwa Lunga Lunga. Huko nilifurahi, maana ilikuwa kazi ya miguu. Nilibeba chanjo ya kideri ndani ya chupa ya chai iliyotiwa barafu, nikaenda boma kwa boma kwa wafugaji wa nyikani. Kideri ni ule ugonjwa unaopinda shingo za kuku na kumaliza kijiji kizima kabla hujajua umeingilia wapi. Mkuu wangu wa pale, Afisa wa Kata, alikuwa mtu wa maneno machache. Nikirudi jioni alikuwa akiuliza, "Barafu imefika?" Ikiwa imefika alinipa chai. Ikiwa imeyeyuka hakusema kitu, nami nilijua kesho narudi kule kule.

Baadaye nilirudishwa Msambweni, kisha nikahamishiwa Ukunda, na eneo langu likawa kuanzia barabara ya Diani mpaka Bongwe na vitongoji vyake. Hapo ndipo nilipoanza kuingia ndani ya nyumba za watu, kwa sababu kuku anayelalia mayai hakai bandani. Kwetu alikuwa anawekwa uvunguni mwa kitanda, ndani ya kapu kuukuu lenye mchanga mkavu na kipande cha kitambaa. Mwenye nyumba hakusema mayai ni mangapi. Ukiuliza ulijibiwa, "Yapo, kidogo." Kitu ambacho hakijatoka hakitangazwi. Mama yangu mzazi alifanya hivyo hivyo, kwa hiyo nami sikuuliza mara mbili. Niliinama uvunguni na tochi, nikamulika yai moja moja nikilishika mbele ya mwanga. Huko ndiko kupima mayai: yai lenye uhai huonyesha mishipa midogo myekundu, na lisilo na kitu hubaki jeupe. Yaliyooza tunayaita viza, na hayo nilikuwa nayatoa kabla hayajapasuka na kuharibu mengine.

Sasa nifike miaka ya tisini ikielekea ukingoni, maana huko ndiko mashine zilikotuvamia. Zilikuwa zimepita zile fujo za mwaka wa uchaguzi, watu wa bara walipofukuzwa majumbani mwao, ambazo aliyekuwapo Ukunda hahitaji kusimuliwa. Wageni wa Ulaya waliacha kuja. Hoteli zikafunga milango moja baada ya nyingine, na wapishi, watunza bustani na watandika vitanda wakarudi majumbani. Mtu aliyezoea kuamka na kwenda kazini, ukimwambia akae tu, anakuwa kama amefungwa kamba. Niliwaelewa sana watu hao. Wengi wao waliamua kufuga kuku, na kila nilipofungua ofisi niliwakuta mlangoni wakitaka mashine.

Mashine zenyewe tulizoziona zilikuwa za namna tatu. Ya kwanza ilikuwa ya stima, inang'aa, inatoka Nairobi, na ilikuwa inageuza mayai yenyewe. Mayai lazima yageuzwe mara kadhaa kwa siku, vinginevyo kiinitete, yaani kile kianzio cha kifaranga, hugandamana na ganda. Afisa Mifugo wa Wilaya, aliyekuwa Kwale, aliipenda mashine hiyo kupita kiasi. Alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye subira iliyonikera.

"Bi Mwanasha," akaniambia, "tuchukue hii kwa kikundi cha Ukunda. Ni ya kisasa."

"Na stima ikikatika, Bwana Afisa?"

"Itarudi."

"Itarudi lini?"

Akatabasamu tu. Zikaja zile mvua kubwa, nguzo zikaanguka, Ukunda ikakaa gizani siku baada ya siku, na mayai yote ya kikundi yakapoa. Afisa alikuja mwenyewe na gari, akakunja mikono ya shati, akatusaidia kuchimba shimo la kuyafukia. Alipomaliza alinawa, akasema, "Ulisema." Nilimpenda kwa neno hilo moja, ingawa mayai ndiyo hivyo yalikuwa yameshakwenda.

Ya pili ilikuwa mikweche mikubwa kama kabati la nguo, iliyokuwa ikiuzwa kwa bei ya kutupa na waliofunga mashamba yao. Watu waliikimbilia. Niliwauliza, kuku wenu wanataga mayai mangapi kwa juma? Yai la kutotolesha lisizidi juma moja tangu litagwe, likizidi hapo uhai wake unafifia. Sasa kabati la mamia ya mayai utalijaza na nini? Utapasha moto hewa tupu.

Ya tatu ilikuwa kazi ya mikono ya Fundi wa Ukunda, seremala aliyeachishwa hotelini. Ilikuwa sanduku la mbao lenye kuta mbili, katikati yake ameshindilia nyuzi za makumbi ya nazi ili joto lisitoroke. Nje, upande mmoja, ilining'inia taa ya mafuta, na bomba la bati lilipeleka joto ndani bila moshi. Mfuniko ulikuwa na matundu ya hewa, na kidude cha bati kilichokuwa kikivimba joto likizidi na kufungua kijilango kidogo. Fundi alikuwa amekifungua kidude hicho kutoka kwenye mashine iliyokufa, akakisoma, akatengeneza vingine. Kugeuza mayai ilikuwa kazi ya mkono wako mwenyewe.

Katika watu walionijia kuuliza walikuwapo wanawake wawili wa Bongwe, na hao ndio sababu hasa ya kuandika. Mmoja alikuwa Mama Mutheu, Mkamba, muumini wa kanisa dogo la mabati pale kijijini. Mumewe, Baba Mutheu, alikuwa mpishi wa hoteli mpaka ilipofungwa. Wakati wa fujo walikimbilia kwao Kitui, wakakaa miezi, kisha wakarudi. Nyumba waliikuta haina milango. Kuku wao waliwakuta wote hai kwa jirani, Bi Nimwaka, mjane wa Kidigo, aliyewafunga utepe mwekundu mguuni wasije wakachanganyika na wake. Huyo ndiye mwanamke wa pili.

Baba Mutheu hakutulia tena tangu warudi. Alilala viatu vikiwa karibu na mkono. Alitaka wauze kiwanja waondoke moja kwa moja, na ndugu yake aliyekuwa akiendesha lori la mizigo kutoka bara kwenda mpakani Lunga Lunga na kurudi alikuwa ameshasema atawabebea vyombo siku yoyote. Mama Mutheu hakutaka kuhama. Alikuwa amezalia pale, analima pale, na jirani kama Bi Nimwaka asingempata kwingine. Wakabishana mpaka wakakubaliana hivi: wanawake hao wawili wanunue mashine, watotoleshe mara moja. Vifaranga wakitoka, familia inabaki na biashara ya kuku. Wasipotoka, lori.

"Mara moja tu," Baba Mutheu aliniambia mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni pa ofisi yangu. "Mimi siwezi kaa mahali nikiangalia nyuma kila siku. Hii ikikataa, tunaenda."

Bi Nimwaka alitaka jibu fupi. "Mwanasha, tupe iliyo nafuu, tuwahi."

"Nafuu ya kununua au nafuu ya kuitumia?"

"Zote mbili, kwani zimegombana?"

Mara nyingi zimegombana, nikamwambia. Nikawauliza mambo ninayowauliza watu hata leo. Nyumba ipi ina kivuli? Nani yuko nyumbani mchana kutwa? Mayai mtakusanya mangapi kwa juma? Nyumba ya Mama Mutheu ilikuwa ya mabati, adhuhuri inawaka na alfajiri inapoa, na mashine haipendi kupandishwa na kushushwa. Ya Bi Nimwaka ilikuwa ya udongo na makuti, joto lake halibadiliki sana. Stima hakuna aliyekuwa nayo. Basi ikawa ya Fundi, nayo ikawekwa chumbani kwa Bi Nimwaka, kwenye pembe ya ndani, mbali na dirisha. Bi Nimwaka angegeuza mayai asubuhi na jioni, na Mama Mutheu angekuja mchana kugeuza.

Nilikwenda kuwakagua mara nyingi kuliko ilivyotakiwa. Nilikuwa na wasiwasi ambao hata kazi nyingine zote za Ukunda hazikuutuliza. Kila nikifika nilipiga hodi, nikakaribishwa, nikakalishwa mkekani, nikaletewa maji, tukaulizana hali za watoto na za wagonjwa, ndipo Bi Nimwaka akaingia ndani kidogo, akatoka na kuniambia, "Karibu sasa uone." Mashine niliikuta safi. Kipimajoto kilisoma sawasawa, matundu yote wazi. Nilipoyapima mayai kwa mwanga niliona mishipa, tena mingi, nikashindwa kuficha furaha.

"Na haili mafuta," Mama Mutheu akanionyesha chupa. "Utambi tunauweka chini kabisa. Lita ile ile ya mwanzo."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Fundi kumsifu kwa nyuzi zake za makumbi. Niliwaambia na wengine, kachukueni ya Fundi, haijui mafuta.

Yai la kuku huanguliwa siku ya ishirini na moja. Siku hiyo ilifika, ikapita. Mayai machache yalitoboka kwa ndani na kunyamaza. Yaliyobaki hayakufanya chochote. Tulingoja, tukangoja zaidi, kisha nikayapasua mbele yao, kwa sababu ndiyo kazi. Kila yai lilikuwa na kifaranga aliyekamilika, ana manyoya, ana kucha, amekufa. Mama Mutheu alitazama mawili au matatu akatoka nje. Mimi niliendelea kupasua mpaka la mwisho, nikitumaini kuona kosa lililo wazi, na sikuliona.

Kilichofuata kiliniumiza kuliko mayai. Baba Mutheu alisema maneno yake hadharani. "Nilisema mimi. Hawa watu hawatutaki. Hata kuku yetu haitakiwi kuishi." Bi Nimwaka naye alinivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Mutheu ana mdomo mwepesi, Mwanasha. Amewatajia watu wa kanisani mayai mangapi yamo. Macho ya watu si mazuri." Wao kwa wao hawakuambizana kitu. Walikuwa wakisalimiana huku wametazama chini, wanawake waliokuwa wakiazimana chumvi bila kuomba. Nilichukia kuliona jambo hilo. Na Baba Mutheu alikuwa ameshatuma habari kwa ndugu yake apite na lori mwishoni mwa juma.

Nilipanda kwenda Kwale kumwona Afisa Mifugo wa Wilaya. Nilimweleza nikitembea ofisini mwake, yeye ameketi.

"Wamekufa mwishoni, wakiwa wamekamilika?" akauliza.

"Wote."

"Basi ni pumzi. Kifaranga mkubwa anavuta hewa nyingi kuliko mdogo. Mwanzoni hewa kidogo inamtosha, mwishoni haimtoshi."

"Matundu yako wazi, Bwana Afisa. Nimeyaona kwa macho yangu kila nilipokwenda."

Alianza kupanga karatasi zake moja moja, kidogo anitoe roho. "Nenda tena," akasema.

"Nikaone nini? Mashine ni tupu."

"Nenda tu, mama. Ukikaa hapa utanitobolea sakafu."

Nilishuka kwa gari la abiria mpaka Ukunda, nikachukua baiskeli ya ofisi, nikafika Bongwe jua likiwa kali. Hapo nilifanya jambo ambalo mtu wa kwetu hafanyi. Nilipiga hodi nikiwa tayari nimeshavuka kizingiti, na sikungoja kukaribishwa. Bi Nimwaka alikuwa uani anachambua mchele. Nilipita mpaka chumbani.

Mashine haikuwa tupu. Taa ilikuwa inawaka. Na juu ya sanduku zima, isipokuwa upande ule wa taa, ilikuwa imetandazwa leso mpya, doti nzima, imekunjwa ikawa nzito, na pembe zake zimechomekwa vizuri chini kama shuka la mgonjwa. Niliifunua, nikafungua mfuniko. Ndani kulikuwa na mayai mapya, na hewa iliyonipiga usoni ilikuwa nzito, hewa ya chumba kilicholaliwa na watu wengi.

Bi Nimwaka alikuwa amesimama nyuma yangu. "Umeingia bila kukaribishwa, Mwanasha."

"Nisamehe, dada. Leso hii inakaa hapa kila siku?"

"Kila siku. Kitu hakijatoka, utakiacha wazi kwa kila jicho? Akija mgeni ndiyo naiondoa, maana si adabu mgeni kukuta nguo zimetandazwa."

Na mgeni nilikuwa mimi. Nilikaa juu ya kitanda chake, mimi nisiyekaa. Nikamuuliza mayai yale ni ya nani. Akasema ni ya kuku wake na ya Mama Mutheu pamoja, aliyaokota na kuyatia siku ya pili tu baada ya yale kuharibika, bila kumwambia mtu. "Nimeyachanganya," akasema. "Nilifikiri, mtu mwenye mayai ndani hahami upesi."

Wakati huo Mama Mutheu alipiga hodi. Alikuwa ameniona nikipita na baiskeli. Nikawaeleza wote wawili, polepole kadiri nilivyoweza, kwamba yai linavuta hewa kupitia kwenye ganda, kwamba matundu ya mfuniko ndiyo pua ya mashine, na kwamba leso ilikuwa imeiziba. Mama Mutheu akashika mdomo.

"Nilikuwa naiona kila mchana," akasema. "Naifunua, nageuza mayai, nairudisha vile nilivyoikuta. Nilijua ndivyo mnavyofanya huku. Ni chumba cha mtu, ningeulizaje? Siku za mvua nilikuwa naichomeka zaidi, wasipate baridi."

Bi Nimwaka akamtazama. "Kwa hiyo tulikuwa wawili."

"Tulikuwa wawili, Bi Nimwaka."

Mama Mutheu akaanza kulia, kisha Bi Nimwaka naye, nami sikujua niweke wapi mikono yangu. Nilikuwa nawaza ile chupa ya mafuta. Mashine haikula mafuta kwa sababu ilikuwa imefunikwa gubigubi. Nafuu yote niliyokwenda kuisifu kwa Fundi ilikuwa inatoka kwenye pumzi za vifaranga. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia mashine yake haitumii kitu, huwa nauliza kwanza anayelipa ni nani.

Kuiacha mashine wazi Bi Nimwaka alikataa katakata. "Siwezi, Mwanasha. Sitapata usingizi." Sikubishana naye. Fundi alikuja akasimamisha miti minne kuzunguka sanduku, na leso ikatundikwa juu yake kama chandarua, imeinuliwa mbali na mfuniko na chini kumeachwa nafasi. Hewa ikapita, jicho halikupita, na mafuta yakaanza kuliwa kama yanavyotakiwa kuliwa.

Baba Mutheu hakutaka kusikia habari za leso. Lori lilikuja siku iliyopangwa, nami nilikuwapo, maana nisingeweza kukaa Ukunda bila kujua. Kitanda kilikuwa kimeshapakiwa, na kabati limeegemezwa. Mama Mutheu alisimama barabarani mikono kifuani.

"Kuna mayai ndani," akasema.

"Mayai ya nani?"

"Yetu na ya Bi Nimwaka. Yamechanganyika. Siwezi kuyachagua yangu niyatoe."

"Achana nayo basi."

"Yana uhai. Muulize Bi Mifugo." Mumewe akanigeukia, nami nikasema ni kweli, yana uhai, na safari ya lori itayaua yote. Hapo aliliachia kabati, kwa sababu alikuwa mpishi, na mtu wa jikoni hapendi kuona kitu kinaharibiwa bure. Mwenye lori akachoka na sisi. Alikuwa na mzigo wa kufikisha mpakani kabla hakujafungwa. Alipanda mwenyewe akashusha kitanda, akakiweka kando ya barabara, akasema, "Mkimaliza na kuku yenu mtaniambia."

Majuma yaliyofuata sitaki kuyarudia hata kwa kuyaandika. Nilikuwa Bongwe karibu kila siku. Baba Mutheu naye hakuwa anakaa ndani. Alikuwa akienda mpaka barabara kuu na kurudi, amevaa viatu vyake vya kazini, nami napita na baiskeli. Tulikutana njiani mara nyingi hata tukaacha kusalimiana vizuri.

"Bado?" alikuwa akiuliza.

"Bado."

Naye anaendelea kwenda, nami naendelea. Nilimwonea huruma sana. Kama vifaranga wangekufa tena asingekuwa na sababu ya kumsikiliza mkewe, na nilijua kwamba Mama Mutheu angeondoka naye, kwa kuwa ni mumewe, akaacha nusu yake Bongwe.

Vifaranga walianza kulia asubuhi, wakiwa bado ndani ya maganda. Anayeijua kazi hii anaijua sauti hiyo, hafifu, kama mtu anayesugua vidole. Kufikia adhuhuri sanduku lilikuwa limejaa. Si wote waliotoka, hawatoki wote hata chini ya kuku mwenyewe, lakini walikuwa wengi, na Mama Mutheu alikuwa anawahamisha kwenye kapu akicheka peke yake. Mumewe alisimama nje ya mlango wa chumba. Hakutaka kuingia chumbani mwa mjane.

"Ingia, baba," Bi Nimwaka akamwambia. "Ni wako pia."

Alivua viatu, akaingia. Akamshika mmoja kwenye kiganja, akamgeuza, akamnusa kama anavyonusa samaki sokoni. Kisha akaniuliza, "Hawa wanaweza kusafiri?"

"Hawawezi. Mpaka waote manyoya kamili."

"Hiyo ni lini?"

"Miezi miwili hivi."

"Sawa," akasema. "Wakishakua hawa, tunaenda."

Hawakuwahi kukua, kwa maana aliyoikusudia yeye. Kabla ya kundi lile kuota manyoya, Bi Nimwaka alikuwa ameshatia mayai mengine, na kabla ya hayo kuwa mitetea, mengine. Sina shaka alifanya makusudi, na siku moja nilimuuliza. Akasema kuku wanataga, angefanya nini, ayakaange yote?

Nimestaafu miaka mingi sasa. Siku hizi mashine zinakuja za plastiki, nyepesi, zina taa za rangi na namba zinazowaka, nyingine zinaungwa na betri ya jua, na kijana anaweza kuipata kwa bei ambayo sisi tusingeiota. Ni nzuri. Lakini anayeniuliza ipi ni nafuu humwambia anipeleke nyumbani kwake kwanza, nione itakaa wapi na nani anaingia chumba hicho, na anafanya nini mtu huyo nisipokuwapo. Wengi huudhika, wanataka jina la mashine tu. Nami huwa nimeshavaa viatu.

Baba Mutheu alifariki mwaka jana, baada ya kuugua muda mfupi. Miaka yote hiyo, ukimpitia, alikuwa akikuonyesha kundi lililo uani na kukuambia wakishakua hawa anakwenda zake Kitui. Ndugu zake walikuja na gari kuuchukua mwili wakauzike kwao, kama ilivyo desturi yao. Mama Mutheu akasema mumewe atazikwa Bongwe, nyuma ya nyumba. Kukawa na maneno, si makali, ila mengi. Mwishowe yule ndugu wa lori, ambaye sasa ni mzee mwenye mvi, alitugeukia sisi tuliokuwa tumekaa na Mama Mutheu, mimi na Bi Nimwaka aliyekuja kwa mkongojo wake.

"Sawa, nimekubali," akasema. "Niambieni tu kitu kimoja nikawaambie wazee nyumbani. Aliamua lini kuwa mtu wa hapa?"

Nilimtazama Bi Nimwaka, naye akamtazama Mama Mutheu. Hata juma lile aliloingia hospitalini alikuwa akituambia anaondoka.